Nilivyodai matunzo ya watoto bila kusubiri talaka

Naandika hii kwa wadada waliotoka kwenye ndoa na watoto mkononi halafu wanaambiwa subiri kwanza talaka itoke ndo udai matunzo. Si kweli jamani. Talaka ina njia yake, ina Baraza la Usuluhishi na makaratasi yake chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ila mtoto anakula leo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi kudai matunzo hata kama ndoa haijavunjwa, na aliyezaa bila ndoa anadai vilevile.

Mi nilianzia Ustawi wa Jamii hapa Morogoro baada ya vikao vya familia kugonga mwamba. Kwenye vikao mashemeji walikuwa wanasema "shemeji rudi kwanza nyumbani, hela utaikuta hukohuko", yani chakula cha watoto kimegeuzwa kamba ya kunivuta nirudi, iliniuma sana. Afisa ustawi, mama mmoja mtu mzima, hakutaka kujua nani alimkosea nani, akaniambia "mwanangu, niambie watoto wanakula nini, wanasoma wapi, wakiumwa wanatibiwa na nani". Nikakusanya risiti za ada na za hospitali, mkataba wa chumba, nikaorodhesha unga, mchele, mkaa, sabuni, nauli za shule, vyote kwa bei ya soko letu, maana sheria yenyewe inataka ziangaliwe gharama za maisha za pale mtoto anapoishi, na kipato cha wazazi wote wawili, na watoto wengine ambao huyo mzazi anawalea.

Kwenye kipato ndo palikuwa na kazi. Baba watoto alikuja na salari slipu tu, ukitoa makato ya mkopo inabaki hela ya kusikitisha, akasema uwezo wake ni 30,000 kwa mwezi kwa watoto watatu. Lakini tulikuwa na bodaboda mbili, na tulipokuwa pamoja mimi ndo nilikuwa napokea hesabu kila jioni, 7,000 kila moja, naandika kwenye kaunta buku tarehe, jina la dereva, kiasi, dereva anasaini, akibakiza deni naliandika kwa peni nyekundu. Niliondoka na hiyo kaunta buku kwenye begi la nguo za watoto. Mama wa ustawi akawa anafungua ukurasa mmoja mmoja anasoma kwa sauti, mwenzangu akasema boda ni za kaka yake, akaulizwa kadi zina jina la nani, akanyamaza.

Bado akagoma kusaini makubaliano, tukaenda mahakama ya watoto. Maombi niliandikiwa bure na msaidizi wa kisheria na ustawi wakapeleka ripoti yao. Niliomba ada asinipe mimi, alipe mwenyewe kwenye akaunti ya shule, na hili nawashauri wote maana linamaliza yale maneno ya "hela unazila wewe". Mahakama ikaamuru ada alipe yeye na juu yake 200,000 kila mwezi. Alianza vizuri halafu akakata, nikarudi palepale mahakamani na amri yangu, sa hivi inakatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia.

Matunzo yangu mimi kama mke nimeyaombea kwenye shauri la talaka, hayo yako chini ya Sheria ya Ndoa, na ukiolewa tena yanakoma. Mgao wa mali nao uko humohumo. Kama ulikuwa mama wa nyumbani usikubali kuambiwa hukuchangia kitu, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango.

Na kiwango cha matunzo kinabadilika mambo yakibadilika. Wangu mkubwa anaingia sekondari ya bweni Januari, nimeshachukua fomu ya mahitaji shuleni, godoro, tranka, sare, vyote vina bei, naipeleka mahakamani kuomba waongeze.