Reli ya kidirisha kwenye mlango wa wavu wa gari-nyumba: nilivyoibadilisha

Mlango wa wavu wa gari-nyumba hufanya kazi ambayo mlango wa wavu wa nyumba ya kawaida hauijui. Umeshikana na mlango mkubwa upande uleule wa bawaba, na mara nyingi yote miwili hufunguka pamoja. Ukitaka hewa unaitenganisha: mkubwa unabaki wazi, wa wavu unafungwa. Usiku, yote miwili ikiwa imefungwa, aliye ndani hawezi kukifikia kitasa cha mlango mkubwa kwa sababu wavu umemziba. Ndiyo maana katikati ya fremu huwekwa kidirisha kidogo cha plastiki kinachosukumwa kando juu ya reli mbili. Mkono unapita, kitasa kinashikwa, kidirisha kinarudishwa mahali pake.

Reli ya chini ya kidirisha changu ilikuwa imekwisha. Ule ukuta wake wa ndani unaozuia kidirisha kisidondoke ulikuwa umelika hadi ukaanza kumeguka. Barabara ikiwa mbovu kidirisha kiligonga njia nzima, na tukifika tulikuta kimeacha upenyo wa milimita 5 pembeni.

Upenyo huo si jambo dogo. Wavu wa kawaida wa milango una nyuzi 18 kwa kila inchi upande mmoja na 16 upande mwingine, na matundu yake yana upana unaozidi milimita 1 kidogo tu. Mbu hapenyi hapo. Lakini mbu hufuata pumzi na harufu ya watu, na pumzi hiyo hutokea penye nafasi. Unaweza kuwa na wavu mzima, safi, usio na hata tundu moja lililochanika, na bado ukaamka umeumwa kwa sababu ya ufa wa milimita 5 kwenye kidirisha.

Kabla ya kutafuta reli nyingine niliichomoa ile kuukuu na kuikagua vizuri. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningependa kila anayebadilisha kifaa kilicholika aanze hivyo. Jua huharibu plastiki kote linakofika: miale ya urujuanimno hukata minyororo ya molekuli, uso unapauka, unatoa unga mweupe ukiupitishia kidole, kisha plastiki inakauka na kuvunjika kirahisi. Reli yangu ilikuwa imepauka hivyo mwanzo hadi mwisho. Ila haikuwa imesagika kote. Nusu ya upande wa bawaba ilikuwa na kingo zake zote. Nusu ya upande wa kitasa ndiyo iliyosagika, na mwishoni kabisa, pale kidirisha kinapogota, ilikuwa imepasuka. Uzee peke yake hauchagui upande. Kitu kilikuwa kinakipeleka kidirisha upande wa kitasa na kukigongesha huko kila gari lilipotembea, na kama ningefunga reli mpya bila kukiondoa kitu hicho, ingesagika palepale.

Nikaanza na gari lenyewe. Gari-nyumba lililosimama kwenye mteremko, au lililoinuliwa mno na jeki ya kona moja, hujipinda kidogo, na miimo ya mlango huonyesha upindaji huo mapema kwa kuwa hapo ukuta umekatwa. Niliweka pimamaji sakafuni, kwa urefu na kwa upana, nikarekebisha jeki mpaka kiputo kikakaa katikati. Mlango bado ulikuwa unainamia upande wa kitasa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupima fremu ya mlango wa wavu kwa mshazari, kona hadi kona, kisha kona zile nyingine mbili. Fremu iliyonyooka hutoa vipimo viwili vilivyo sawa. Yangu ilitofautiana kwa milimita 8. Kwa mlango mrefu na mwembamba kama huu, tofauti hiyo maana yake ni kwamba upande wa kitasa ulikuwa umeshuka takriban milimita 4. Kipimo hiki kina faida nyingine: kinatenganisha magonjwa mawili yanayofanana kwa macho. Mishazari ikilingana na mlango bado umeinama, tatizo liko kwenye bawaba. Mishazari isipolingana, kona za fremu zimelegea. Mimi nilikuwa nayo yote mawili, maana skrubu za bawaba ya juu nazo zilikuwa zinacheza.

Chanzo hakikuwa cha kutafuta mbali. Anayepanda ngazi za gari hutafuta pa kushika, na kilicho karibu na mkono ni mlango wa wavu. Fremu yake ni bomba jembamba la alumini. Kwenye kona huingizwa kipande cha pembe ndani ya bomba na kufungwa kwa riveti, zile pini za kubania vipande vya metali. Imetengenezwa kubeba wavu na kidirisha. Uzito wa mtu mzima haiuwezi.

Kuutoa mlango kunataka subira kwenye skrubu tu. Skrubu za chuma ndani ya alumini hung'ang'ania: unyevu, hasa wenye chumvi, hufanya metali hizo mbili zilane, na inayoliwa ni alumini, ule unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu ndio ushahidi. Nilipuliza WD-40, mafuta mepesi ya kulegeza vilivyoganda, nikaacha ipenye, nikatumia bisibisi inayojaza mfuo wa skrubu sawasawa, na kuigonga kwa nyundo taratibu kabla ya kuzungusha. Nilizungushia penseli mahali pa kila bawaba, nikaweka kipande cha mbao chini ya mlango kuubeba, ndipo nikafungua skrubu ya mwisho. Bila mbao hiyo uzito wote unaning'inia kwenye bawaba moja na kuipinda.

Wavu nao ulibidi utoke. Hili wengi hulikwepa, na ninawaelewa, kwa sababu wavu wangu ulikuwa mzima kabisa. Lakini wavu uliobanwa pande zote nne huishikilia fremu katika umbo lilelile ililo nalo, likiwa limepinda au limenyooka. Ukiilazimisha fremu kunyooka na wavu ukiwa ndani, unapata makunyanzi upande mmoja na mvutano upande wa pili, na mvutano huo utairudisha fremu ilikotoka. Nikauchomoa ule mpira mwembamba unaobania wavu kwenye mfereji wa fremu. Ulikuwa mgumu na umesinyaa, kwa hiyo ulihitaji kubadilishwa hata hivyo.

Kunyoosha kulifanyika juu ya meza pana. Nilizungusha mkanda wa kukazia kwenye ule mshazari mrefu, nikakaza kidogokidogo huku nikipima, hadi vipimo viwili vikalingana. Fremu ikiwa imeshikwa hivyo, nilitoboa vichwa vya riveti zilizolegea na kuyasukuma mabaki yake nje. Zilikuwa za milimita 3.2, na matundu yake yalikuwa yametanuka na kuwa ya yai. Riveti ya kipimo kilekile isingebana kitu humo. Nilipanua matundu kwa biti ya milimita 4.1 na kufunga riveti za milimita 4, za alumini vilevile ili metali zisianze kulana upya. Nilipolegeza mkanda nikapima tena, fremu haikurudi nyuma. Sehemu hii ndiyo iliyonipa furaha kuliko zote, kuliko hata reli mpya.

Reli sasa. Ukienda kuitafuta usitegemee urefu peke yake. Nilipima unene wa kidirisha, upana wa mfereji wa reli, kina chake, na umbali kati ya reli ya juu na ya chini. Mfereji wa juu una kina kuliko wa chini, na kuna sababu: kidirisha huingizwa juu kwanza, kinainuliwa, kisha kinashushwa kwenye mfereji wa chini. Ukizifunga kinyume, au ukinunua mbili za kina kimoja, ama kidirisha hakitaingia au kitadondoka kikirushwa na tuta. Nilibadilisha zote mbili, kwa kuwa ya juu nayo ilikuwa imekaushwa na jua hata kama haikusagika. Nilichagua nyeusi: masizi ya kaboni yanayoipa plastiki rangi hiyo humeza miale ya urujuanimno kabla haijazama ndani.

Kabla ya kukata niliingiza kipande cha mbao ndani ya mfereji ili kuta zisipasuke, nikatumia msumeno wa meno madogo na kumalizia kwa tupa. Nilikata reli fupi kuliko nafasi yake kwa milimita 2, kwa makusudi. Plastiki za aina hii hutanuka kwa joto takriban mara tatu ya alumini. Reli ya milimita 600, ikitoka asubuhi ya baridi hadi jua kali la mchana, tuseme tofauti ya nyuzi 40 za Selsiasi, hurefuka kwa zaidi ya milimita 1 na nusu, wakati alumini iliyoibeba inarefuka nusu milimita tu. Ukiikata ibane kabisa asubuhi, mchana itafura katikati na kidirisha kitagoma. Kwa sababu hiyohiyo matundu ya skrubu niliyafanya marefu kidogo kufuata urefu wa reli, isipokuwa lile la katikati, na skrubu nikazikaza mpaka zilipogusa, basi.

Kuhusu kulainisha: grisi hapana. Inashika vumbi, na vumbi lenye grisi ni msasa. Pia mafuta ya petroli huweza kuzitia nyufa baadhi ya plastiki ngumu zinazong'aa, na thina hufanya vibaya zaidi. Niliosha kidirisha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, nikasugua kingo zake kwa mshumaa mkavu. Kinateleza kwa kidole kimoja.

Wavu niliurudisha kwa kuutandaza tu juu ya fremu, bila kuuvuta. Mpira mpya ukisukumwa mfereji mzima kwa kile kigurudumu chenye mpini, wenyewe huuvuta wavu na kuukaza vya kutosha. Anayeuvuta kwa mkono kwanza, akidhani anafanya vizuri, huishia na fremu iliyoingia ndani kiunoni, na kidirisha hakitatulia tena. Wavu wa ziada nilikata mwisho kwa wembe mpya, upande wa nje wa mpira.

Wakati wa kuutundika mlango kuna jambo la kutarajia. Kitasa kilikataa kufunga. Ulimi wake ulikuwa unagonga juu ya lile bati la kwenye mwimo linaloupokea, na kulikuwa na matundu ya zamani ya skrubu juu ya mahali bati lilipokaa. Bila shaka huko nyuma mtu aliufuata mlango uliokuwa unashuka kwa kulishusha bati. Fremu iliponyooka, bati likarudi kwenye matundu yake ya mwanzo na ulimi ukaingia bila kusukumwa. Matundu ya chini nilijaza silikoni maji yasipenye ukutani. Skrubu zote za bawaba nilizipaka mafuta mazito kidogo kwenye nyuzi zake kabla ya kuzirudisha, ili anayezifungua siku nyingine asipambane nazo.

Kidirisha sasa kinabaki pale ninapokiacha, hata katikati ya reli. Nikisafiri bado nakifunga kwa utepe, kwa sababu mtikisiko haujali fremu iliyonyooka. Na kwa kuwa watu wataendelea kutafuta pa kushika wakipanda, nilifunga mpini imara ukutani, kando ya mwimo upande wa kitasa, kwa bolti zilizoshika mhimili wa ukuta na silikoni nyuma yake. Niliuweka kwenye usawa wa kiwiko cha mtu aliyesimama chini ya ngazi, ili mkono uukute kabla ya kuufikia mlango.