Kinachowazuia wanachuo wa Moshi kwenda kwa mnasihi

Nikiwauliza wanachuo wenzangu hapa Moshi kwa nini hawaendi kwa mnasihi, yaani mshauri wa mambo ya akili na maisha, hata wale wanaokiri kwamba hawalali na masomo hayapandi, ni nadra kusikia fedha ikitajwa kwanza. Wanachotaja ni macho ya watu. Mji wetu ni mdogo, na ukipanda daladala ya kwenda hospitali ya KCMC asubuhi si ajabu ukakutana na jirani wa Marangu pamoja na mwanakwaya mwenzako, na wote wawili wakataka kujua unakwenda kumwona nani.

Kwa sababu hiyo, nilipoingia katika ofisi ya unasihi ya chuo nikiwa mwaka wa pili, baada ya muhula mzima wa kukesha usiku na kusinzia darasani, niliuliza kabla ya yote ni nani angesoma yale ambayo yangeandikwa kunihusu. Mnasihi alinieleza kwamba kumbukumbu zake haziendi kwa wahadhiri, kwa mkuu wa idara wala kwa wazazi, isipokuwa akiona uhai wangu au wa mtu mwingine umo hatarini, na kwamba hata hapo angenijulisha mimi kwanza. Huo ukomo ndio ulionifanya nimwamini. Angeniahidi usiri usio na mipaka, ningemtilia shaka.

Kisha akanipa dodoso la maswali 9 la kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ambalo wataalamu huliita PHQ-9. Unaulizwa ni mara ngapi katika majuma 2 yaliyopita umesumbuliwa na jambo fulani, kwa mfano kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, usingizi kuharibika au kushindwa kutuliza akili, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 10 na kuendelea kwa kawaida humfanya mtaalamu achunguze zaidi, ingawa dodoso peke yake halitoshi kusema una sonona. Swali la 6 ndilo lililonichukua muda mrefu, kwa kuwa linauliza kama unajiona umeshindwa au umeiangusha familia yako. Mtu ambaye ada yake ya mwaka wa kwanza ilitokana na ng'ombe aliyeuzwa mnadani, na ambaye sasa ana sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, halijibu swali hilo haraka.

Nilipelekwa pia kwa daktari, naye akaanza na vipimo vya damu, maana upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya thairoidi huweza kuleta uchovu unaofanana sana na wa sonona. Sikuandikiwa dawa. Anayeandikiwa ajue kwamba dawa nyingi za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na hazifai kuachwa ghafla bila daktari kujua. Tiba yangu ilikuwa mazungumzo, pamoja na kazi ya kuandika kila wazo baya lililonijia, kilichokuwa kimetokea kabla yake, na ushahidi wa kulipinga; kazi ya kuchosha, nakiri, na katika majuma ya mwanzo niliiona ya kitoto.

Nyumbani nilichelewa kusema. Nilipompigia mama, baada ya shikamoo na habari za mvua, alinyamaza kisha akauliza, "Kwani mwanangu, hatukuombei?" Nilimjibu kwamba wananiombea, na kwamba mchungaji wa wanafunzi ndiye aliyekuwa akinihimiza nisikose miadi ya mnasihi. Hapo alipoa, akataka kujua kama ninakula. Sioni haja ya mtu kuchagua kati ya kanisa na kliniki, ila nina neno kwa wanaowaambia wagonjwa kwamba wamepungukiwa imani: wanawaongezea mzigo.

Limebaki swali la 9, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Shirika la Afya Duniani linataja kujiua miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29, kwa hiyo asiyeweza kulijibu kwa hapana, hasa akiwa tayari amefikiria namna ya kufanya, asingoje miadi ya juma lijalo. Aende usiku huohuo kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, akisindikizwa na mwenzake wa chumbani, na huyo mwenzake asiondoke mpaka daktari amwone.