Siku moja maishani mwangu: hina kwenye mkono wa eksirei

Saa kumi na mbili asubuhi. Feri ya Likoni, nimebanwa baina ya mkokoteni wa madafu na baiskeli. Mkononi hamri mbili, bado zina moto.

Saa mbili. "Vuta pumzi. Zuia. Haya, pumua." Ndiyo kazi yangu, mpiga eksirei, na nadhani hata usingizini nayasema. Leo kaja bibi mmoja aliyegoma kuvua bangili. "Mwanangu, hizi n'livishwa na mamangu." Bahati yake kilichokuwa kikimuuma ni goti.

Saa saba, viazi karai. Alasiri haina la kusimulia: vifua, vifua, kifundo cha mguu.

Saa moja usiku, nyumbani. Hapa ndipo siku yangu inapoanza. Natundika filamu ya mkono wa mama mbele ya taa. Alivunjika miaka iliyopita, akapona, filamu akanipa mwenyewe. Za wagonjwa sizigusi. Mfupa wa mtu ni siri yake hata kama hauna sura.

Pete haikutoka siku ile, na kwenye filamu ni nyeupe kuliko mfupa wenyewe, maana dhahabu huzuia miale zaidi. Hunikumbusha mkono wa Anna Bertha, mkewe Wilhelm Röntgen, mgunduzi wa eksirei, uliopigwa Würzburg, Ujerumani, Desemba 1895. Naye alikuwa na pete. Husimuliwa kuwa alipoiona picha alisema ameona kifo chake.

Mimi namchora mama hina ya harusi kwa ncha ya sindano. Weusi wa filamu ni chembe za madini ya fedha. Ukikwaruza, mwanga unapenya. Filamu hizi za zamani zimepakwa pande zote mbili, basi kila ua nalikwaruza mara mbili. Kwenye nyama maua yanatokea vizuri. Nikifika mfupani yanapotea, kwani pale pameshakuwa peupe. Wiki nzima nimeshindana na mifupa ile. Haipambiki.

Saa tatu. Mama kaingia na chai ya tangawizi, kasimama nyuma yangu.

"Na kucha? Bi harusi gani hatiwi hina kuchani?"

"Eksirei haizionyeshi, mama."

"Zimekwenda wapi?"

Akanyoosha mkono wake kando ya taa, nikamshika kidole kimoja kimoja, nikapima, nikazikwaruza.