Akakaa kwetu

Saa nne usiku. Maktaba imefungwa, nimerudi chumbani na neno moja tu. Wiki nzima, neno moja.

Ni mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamili ya theolojia hapa Makumira, chini ya Mlima Meru. Tasnifu yangu inahusu Yohana 1:14, mstari niliokariri tangu darasa la kipaimara: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Sikuwa nimeusikia vizuri hadi siku nilipoulizwa swali msibani.

Nilikuwa nachunga usharika wa kijijini. Mama mmoja alifiwa na kijana wake wa pekee. Siku ya tatu ya matanga nilihubiri mstari huo. Watu walipotawanyika akanishika mkono, tukiwa bado mkekani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mchungaji, umesema Mungu alikaa kwetu. Usiku ule mwanangu anakata roho, alikuwa kwetu, au alikuwa ametoka?"

Niliomba naye. Jibu sikuwa nalo. Swali hilo ndilo lililonileta huku.

Kigiriki cha Yohana kinasema eskenosen, yaani alipiga hema. Aliyelelewa katika Torati angekumbuka mara moja hema ya kukutania kule jangwani. Kitenzi hiki kimo mara tano tu katika Agano Jipya: hapa, na mara nne katika Ufunuo. Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952 walipofika Ufunuo 7:15 waliibakiza hema: "atatanda hema yake juu yao." Katika 21:3 wakaandika maskani. Hapa kwa Yohana hawakuandika hema wala maskani. Hata "kati yetu", ambayo Kigiriki kinairuhusu, waliiacha. Wakaandika kwetu.

Katika rasimu ya kwanza niliwalaumu. Niliandika kwamba hema imepotea, na jangwa lote limepotea nayo. Leo nimeifuta aya hiyo yote. Kwetu ni mahali kitovu changu kilipozikwa. Ni moshi wa jikoni, ni makaburi ya wazee nyuma ya migomba. Mgeni akija msibani huaga jioni. Mwenye kwao anaaga aende wapi? Yule mama aliuliza alivyouliza kwa sababu alilisikia neno hilo kwa uzito wake wote. Angesomewa "kati yetu", sidhani kama angeuliza.

Halafu leo mchana, nikiwa nimeinamia kamusi ya Kigiriki, nimeukumbuka ule uwanja wake. Palikuwa na turubai. Msiba ukitokea, vijana hulifunga kabla hata maiti haijarudi nyumbani, na anayepita njiani akiliona anajua pana kilio. Hema ilikuwepo, na kwetu palikuwepo, nami nilisimama chini yake nikihubiri bila kuiona. Mikono imenitetemeka, nimeweka kalamu chini.

Tabu yangu sasa ni kwamba tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, na kila tafsiri ya kwetu ninayojaribu inatoka nyepesi. Nimemrudia mwanatheolojia John Mbiti, Mkamba wa Kitui, Kenya, aliyepata udaktari wake Cambridge mwaka 1963. Katika kitabu chake cha 1969, akieleza wakati kwa Kiingereza, aliyaacha maneno sasa na zamani kwa Kiswahili, kisha akayaeleza kwa subira. Uzeeni akalitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki kwenda Kikamba. Kwa hiyo nami nitaliacha kwetu lilivyo, nilipatie kurasa zake. Msimamizi wangu akikataa, nitamsimulia habari za lile turubai.

Yohana 1 husomwa Krismasi, na nimeombwa nihubiri kule nyumbani. Nitafika siku mbili kabla, nikakae kwanza kwa yule mama. Swali ni lake, nataka asikie yeye kwanza nilipofika nalo.