Siku moja maishani mwangu: katibu wa kamati ya mtaa

Saa 11 na nusu alfajiri

Kabla sijatoka kitandani nishafungua grupu la mtaa kwenye simu. Usiku watu wameandika sana, taa ya kona ya shule imezima tena, kuna mtu kamwaga kifusi juu ya mfuniko wa mtaro, na mama mmoja anauliza ule mkutano ni leo au kesho. Mi ni katibu wa kamati ya mtaa, kazi ya kujitolea, hakuna anayenilipa, na kitu cha kwanza kila asubuhi ni kutoa mambo kwenye grupu na kuyaingiza kwenye daftari. Grupu linasahau jamani. Jambo la saa 2 usiku ikifika asubuhi lishafunikwa na salamu na picha, halafu baada ya mwezi kila mtu anaapa kwamba "tulishasema" lakini hakuna anayekumbuka alisema nani na aliambiwa nani.

Kwenye daftari naandika tarehe, namba ya nguzo, nani kaona, nani atafuatilia, na pembeni naacha nafasi tupu ya jibu. Ile nafasi ikikaa tupu muda mrefu naiona na inaninyima raha, na nadhani ndo inavyotakiwa iwe.

Saa 12 na nusu

Mzunguko wa mitaro na vyombo vya maji vya majumbani. Tuko mimi, mzee mwenyekiti, dada wa usafi na vijana wawili wenye majembe. Huu mzunguko ni wa kila wiki, na watu huwa wanauliza kwa nini tusifanye mara moja kwa mwezi maana kila mtu ana shughuli zake. Sababu ni mbu. Yule mbu anayeeneza dengi hahitaji bwawa, anataga kwenye kopo, tairi, sahani ya chini ya chungu cha maua, hata kifuniko kilichoshika maji kidogo tu, na kukiwa na joto yai linakuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi au siku kumi. Kwahiyo ukipita kila wiki unamkuta bado kiluwiluwi, ukipita kila mwezi unakuta vizazi vishapita na vimesharuka.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui, mayai yake yanaganda kwenye ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, maji yakirudi yanaanguliwa. Ndo maana dada wa usafi hamwambii mtu amwage maji tu, anamwambia asugue chombo ndani. Na anasema kwa adabu sana huyu dada, nampenda kwa hilo. Leo tumefika kwa mama mtu mzima mwenye ndoo nyingi nje, dada akaamkia, "Shikamoo mama, tumekuja kukusaidia ndoo zako," akachukua brashi akaanza mwenyewe kusugua ya kwanza. Mama akaleta brashi yake. Tungeanza na habari za faini pale mlango ungefungwa na wiki ijayo usingefunguliwa kabisa.

Kile kifusi juu ya mtaro tumekipiga picha kabla ya kukigusa, halafu vijana wakakitoa. Picha kwanza, siku zote, maana ukisafisha bila picha unakuwa umefuta ushahidi na mwenye kifusi atarudi.

Saa 2 mpaka saa 6 na nusu

Niko kazini kwangu. Hapa simu ya kamati naizima, mwajiri wangu hakuniajiri kwa ajili ya mitaro, na kamati inayokula kazi za watu wake haimalizi mwaka, watu wanachoka wanaondoka kimyakimya.

Saa 7 mchana

Mapumziko nimeyatumia kwenda ofisi za manispaa na barua mbili.

Ya kwanza ni ya taa. Fupi, namba ya nguzo, tarehe iliyozima, tarehe tulizopiga simu, basi. Nimebeba nakala mbili, moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga mhuri wa kupokelewa naondoka nayo. Nawaambia wajumbe wapya kila siku, usiondoke bila mhuri, hata kama karani ni mkarimu na kakwambia usijali. Barua isiyo na mhuri ukirudi mwezi ujao unaanza upya, yenye mhuri unaanzia pale ulipoishia.

Ya pili ndo kubwa, na ndo inayonikosesha usingizi siku hizi. Mtaa wetu una kiwanja kimoja cha wazi, na kuna ombi limepelekwa la kubadili matumizi yake ili kijengwe. Nimeenda dawati la mipango miji nikaomba kuona ramani, na ramani inaonyesha wazi kabisa pale ni eneo la wazi. Nimenakili namba ya mchoro na nimeuliza siku ya mwisho ya kupokea pingamizi, ni Ijumaa saa 9 mchana.

Sasa hapa ndo mitaa mingi inapopotea. Watu wanaandika pingamizi lenye hasira, "sisi wananchi hatutaki", kurasa tatu, na afisa hawezi kufanya nalo kitu kwa sababu halina cha kushika. Linalosaidia ni mambo yanayokaguliwa: namba ya mchoro, maji ya mvua yanapita wapi sasa na yatapita wapi kukijengwa, watoto wanacheza wapi, kuna eneo jingine la wazi karibu au hakuna, na majina na saini za wanaoishi pale. Afisa naye ni mtu, mpe karatasi inayomsaidia kukusaidia.

Kinachonipa nguvu ni kisa cha New York. Robert Moses, mtu aliyekuwa na nguvu kubwa mno kwenye ujenzi wa jiji lile, alitaka barabara ipite katikati ya bustani ya Washington Square. Mwaka 1952 Shirley Hayes, mama wa watoto wanne aliyeishi karibu na pale, akaanzisha kamati ya wakazi kupinga, wakakusanya saini, wakaandika barua, wakahudhuria vikao, miaka inaenda, na wengine kama Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, wakajiunga. Wenzao waliona bora wakubali barabara nyembamba yaishe, wao wakashikilia kwamba magari yasipite kabisa. Mwaka 1958 bustani ikafungwa kwa magari kwa majaribio, na mpaka leo magari hayapiti. Miaka sita ya barua hiyo, na waliokuwa wanaandika hawakuwa na cheo chochote.

Saa 10 na nusu jioni

Nimepitia kwenye kiwanja chenyewe. Vijana wanakata nyasi na kuokota plastiki, na wadogo wanamwagilia miti. Kila mti tumeupa nyumba inayoutunza, imeandikwa kwenye daftari, kwa sababu mti wa wote unakauka kiangazi cha kwanza huku kila mtu anadhani mwenzake kamwagilia.

Kuna watu wanaona hii ni kazi ya mapambo tu. Sio kweli na kuna ushahidi. Kule Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja vilivyotelekezwa 541, wakavigawa kwa bahati nasibu, vingine vikasafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuwekewa uzio mfupi wa mbao, vingine wakaviacha kama vilivyo. Matokeo yalitoka mwaka 2018, kwenye maeneo ya watu maskini matukio ya bunduki yalipungua kwa asilimia 29 pale palipotengenezwa. Kufyeka nyasi tu na kupanda miti! Nikifikiria ni kwamba kiwanja kilichotunzwa kinakuwa na watu, na penye watu jioni, wanaokaa na kupiga stori na kujuana, mwenye nia mbaya anatafuta pengine. Halafu kwa upande wa pingamizi letu, ni vigumu mtu kudai kiwanja hakina matumizi wakati watoto wamejaa pale.

Saa 1 usiku

Kikao. Akidi imetimia, tukaanza kwa wakati. Mweka hazina akasoma hesabu zote, ikiwemo miamala midogo kabisa, na risiti zikapita mkono kwa mkono. Kwetu hela haitoki bila saini mbili na hesabu zinasomwa kila kikao hata kama hakuna kilichotumika, maana nimeshaona kamati nzuri zikifa kwa tetesi tu, pesa ipo lakini hakuna aliyeisikia ikisomwa.

Ubishi ulikuwa kwenye ulinzi. Kaka mmoja anataka vijana wanaozunguka usiku wawe na marungu na wasimamishe watu na kuwakagua. Namuelewa, aliibiwa hivi karibuni na inauma. Lakini nimesimama nikapinga na nitaendelea kupinga, kazi ya vijana wetu ni kuonekana, kuwasha tochi, kujua nani anaishi wapi na kupiga simu polisi, basi. Siku tukianza kukagua watu tutaanza na mpangaji mgeni, na mlemavu wa akili, na kijana aliyetoka kazini usiku. Utafiti mkubwa wa jiji la Chicago, Marekani, uliochapishwa mwaka 1997, walihoji watu 8,782 kwenye maeneo 343 ya jiji, ulionyesha kwamba pale majirani wanapoaminiana na wako tayari kuingilia kati kwa ajili ya wenzao ndo ukatili unapungua, hata ukilinganisha mitaa yenye umaskini sawa. Kuaminiana hakuji na rungu. Mzee mwenyekiti akapigisha kura, pendekezo likakataliwa, na yule kaka akapewa jukumu la ratiba ya zamu na akakubali, nikafurahi kweli.

Tumepitisha pia wapangaji wapate viti viwili kwenye kamati. Ilikuwa wenye nyumba tu, na kwangu hilo halikuwa sawa, mpangaji anakanyaga maji yaleyale na anapita gizani kona ileile.

Saa 4 usiku

Nimemaliza muhtasari. Nimeandika kwa kifupi, nani kafanya nini na nani kapewa nini mpaka lini, maneno ya ubishi nimeyaacha. Nimeutuma kwenye grupu na wa karatasi nitaubandika kesho kwenye ubao wa matangazo, kwa wazee wasiokuwa na simu za intaneti.

Pingamizi limeshachapwa. Saini za upande wa mashariki zimejaa, upande wa magharibi bado karatasi ina majina machache, na Ijumaa haisubiri mtu. Kesho jioni nikitoka kazini naanzia huko, nyumba ya mwisho kabisa chini ya mteremko, ndo wanaopata maji ya mvua kwanza na hakuna aliyewafikia bado.