Sipro, mtindi na kopo langu la dawa

Hii habari nimekaa nayo tangu mwezi wa pili nawaza niiandike au niiache, maana inahusu UTI na mambo ya mkojo tunaonaga aibu kuyaongea, ila wiki iliyopita jirani yangu kanigongea mlango saa mbili usiku anauliza "mama, ile sipro yako ilibaki?" yani siprofloksasini, ile dawa ya kuua bakteria, nikaona hapana, hii naandika.

Mimi nauza mitumba Mlango Mmoja hapa Mwanza. Jua la pale mnalijua, na choo kiko mbali na meza yangu, kwa hiyo nilikuwa nashinda sinywi maji toka asubuhi mpaka nafunga ili nisiache wateja. Mwaka jana mkojo ukaanza kuchoma, kila nusu saa nataka kwenda nikienda hakitoki kitu cha maana, na chini ya kitovu panauma. Sikupima. Nilienda duka la dawa mtaani nikataja sipro mwenyewe kama mtu anayenunua sabuni, dada wa dirishani hakuniuliza hata swali moja, akakata vidonge vinne kwa mkasi, buku, nikaondoka. Nikanywa viwili tu kwa sababu siku ya pili nilijisikia mzima kabisa, viwili vilivyobaki nikaweka kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati pamoja na mabaki mengine, amoksilini za mtoto, flaji (metronidazole) za baba yao, yani kila kitu kilichowahi kubaki humu ndani kilikuwa mle.

Baada ya kama mwezi na nusu ikarudi, nikatoa vile viwili nikanywa, nikapata nafuu kidogo. Nikaona nimepata daktari wangu kabatini.

Sasa kuna kitu ambacho sikukijua na ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Vile vidonge nilikuwa nashushia na mtindi. Kwetu Usukumani maziwa yanaaminika sana, dawa kali unainywa na maziwa isije ikakukata tumbo, mama alinifundisha hivyo na yeye alifundishwa hivyo, wala sikuwahi kufikiri kwamba ni kosa.

Mara ya tatu haikuwa kuchoma tu. Homa, natetemeka kwenye blanketi mchana wa jua, kiuno upande wa kulia kinauma kama nimepigwa, natapika. Shemeji yangu ana bodaboda, akaniweka katikati, dada akanishikilia nyuma, hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, akauliza nimetumia dawa gani, ngapi, lini, nikamjibu yote, halafu akauliza "ulikuwa unakunywa na nini mama?" nikasema na mtindi. Akaweka kalamu chini akanielekeza taratibu. Kumbe kalisiamu ya kwenye maziwa inaing'ang'ania sipro tumboni, vinashikana, dawa haiingii vizuri kwenye damu, unaenda nayo chooni. Na siyo maziwa peke yake, hata vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, zinki, na zile dawa za kiungulia zinafanya hivyohivyo. Sipro unainywa na maji mengi, na hivyo vitu vingine unaviachia nafasi, sipro itangulie masaa mawili kabla au isubiri masaa sita baada. Kwa hiyo mimi nilikunywa pungufu ya dozi, na hata hicho kidogo hakikufika chote. Bakteria walionjeshwa dawa bila kufa, wale dhaifu wakaondoka, wagumu wakabaki wakazaana.

Nikiwa nimelazwa nikasoma kwenye simu kwamba Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipoenda kupokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba itafika siku yeyote ataweza kuinunua dukani, na mtu asiyejua atajipa dozi ndogo na kuwafanya wadudu wawe sugu. Mwaka 1945 jamani! Nilikaa na ile simu kifuani muda mrefu, niliona ananiongelea mimi na vidonge vyangu vya buku.

Daktari akaagiza mkojo uoteshwe. Wengi tukipima mkojo wanaangalia tu kwa darubini au kwa kile kijiti cha rangi, unaambiwa una UTI, unaandikiwa dawa. Kuotesha ni kitu kingine, unatoa mkojo wa katikati kwenye kichupa kisafi, siyo wa mwanzo, maabara wanawaacha wadudu waote halafu wanawawekea dawa tofauti tofauti waone ipi inawazuia. Inachukua siku mbili tatu, kwa hiyo waliniwekea sindano za mshipa wakati tunasubiri. Karatasi ikarudi: bakteria ni E. coli, wale wanaoishi utumboni mwetu kawaida, sipro sugu, septrini sugu, ampisilini sugu. Zilizobaki zilikuwa chache na karibu zote za sindano. Nililala pale siku tano, meza imefungwa, na hela niliyotoa ilikuwa ya ada ya mtoto wa pili, muhula ule alirudishwa nyumbani mara mbili.

Kabla ya sindano ya kwanza nesi aliniuliza kama nina mzio wa dawa yoyote, na hilo swali dirishani sijawahi kuulizwa hata siku moja. Likanikumbusha mama mdogo wangu wa Ukerewe, aliwahi kunywa amoksilini ya kuazimwa kwa jirani akavimba midomo na macho, akawa anavuta pumzi kwa shida, walimkimbiza wakamuwahi. Mwaka uliofuata akataka kununua ampiklox kwa vile ni "dawa nyingine". Siyo nyingine, ni ukoo uleule wa penisilini. Ikikukataa moja uwe umeandikiwa kwenye daftari lako la kliniki na useme kila unapoenda, hata kwa jino.

Na 1x3 kwenye kile kibahasha maana yake siyo asubuhi mchana jioni ukishakula basi. Ni kila masaa nane, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, ili dawa isiishe mwilini katikati. 1x2 ni kila masaa kumi na mbili. Mimi nilikuwa nakunywa nikikumbuka. Na kumaliza dozi ni kumaliza ile aliyoandika daktari, akiandika siku tatu ni tatu, usijiongezee mpaka kumi ukidhani ndio unaua zaidi, maana hata bakteria wazuri wa tumboni wanakufa ndio unaona mtu anaharisha au anapata fangasi.

Mengine nayataja haraka kwa sababu nayaona kila siku. Flaji na pombe haziendi pamoja, unaweza kutapika mpaka uone nyota, na ukimaliza subiri siku kama tatu hivi. Doksi (doxycycline) na tetrasaikilini mjamzito asiguse. Dawa ya unga ya mtoto changanya na maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye alama, tikisa kila unapompa, na soma boksi inakaa siku ngapi baada ya kuchanganywa, siyo unaitunza mpaka aumwe tena. Mafua ni virusi, azuma (azithromycin) ni ya bakteria, haiwagusi. Na wavuvi wetu kule Mwaloni mkikatwa na nyavu au ndoano msifungue kapsuli ya rangi mbili mkamwaga unga kwenye kidonda, oshea maji safi na sabuni, funika, nenda zahanati ukadungwe ya pepopunda. Ule unga hautibu, unawazoesha wadudu tu.

Lile kopo nililibeba zima nikalipeleka famasi ya hospitali nikaomba wanisaidie kuteketeza. Sikutaka kumwaga chooni wala mtaroni maana mitaro yetu yote inashuka ziwani na ziwa ndilo tunalokunywa.

Sasa jirani yangu. Nilimwambia sina sipro na hata ningekuwa nayo nisingempa, akanuna kidogo, nikamwambia kesho nakusindikiza. Njiani ndio ananiambia kumbe haimchomi sana, ila mwishoni mwa mkojo anaona damu, na Desemba alikuwa kwao Misungwi, kule wanaoga na kufua kwenye lambo. Zahanati walimwambia arudi saa tano, mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio unaotoa mayai mengi ya minyoo. Wakaangalia kwenye darubini, kichocho. Alipimwa uzito, akaambiwa ale kwanza, tukanunua chapati mbili pale nje, akarudi akapewa prazikwanteli akameza vyote palepale mbele ya nesi, kwa maji. Kwa maji kabisa, nilihakikisha, ingawa nesi alicheka akasema hii haina shida na maziwa.