Saa kumi alfajiri: sola ya bwawa la sato na nyumba, Goba

Januari

Bwawa limejaa. Liko uani, mita sita kwa nne, upande mmoja kina mita moja na upande wa pili nusu mita, limetandikwa turubai zito kwa sababu udongo wetu haushiki maji. Kwa hesabu ya haraka ni lita 18,000 hivi. Vifaranga 100 wa sato wameshaingia na wanakula vizuri.

Kila ninayemwambia kwamba nataka kufunga sola kwenye bwawa anadhani nakimbia gharama ya umeme wa LUKU. Hapana. Pampu ya hewa ninayoitaka inakula wati 35. Ikifanya kazi saa kumi na mbili za usiku ni wati-saa 420, chini ya nusu uniti (uniti moja ni wati-saa 1,000). Kwa bei ninayonunulia, elfu kumi inatoa uniti 28 na kidogo, kwa hiyo usiku mzima wa hewa unanigharimu kama shilingi 150. Ukitafuta paneli na betri vijilipe kwa shilingi 150 za kila usiku utasubiri sana. Ninachonunua ni uhakika wa saa moja tu, saa kumi alfajiri.

Mchana maji ya kijani yanajitosheleza. Mwani ule mdogo usioonekana kwa macho unapata jua na kutoa oksijeni, na kuna siku alasiri maji yanakuwa na oksijeni kuliko yanavyoweza kushika. Jua likizama mwani huohuo unageuka kuwa mlaji. Unavuta oksijeni pamoja na samaki, pamoja na bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula chini. Akiba inashuka usiku kucha na kufika chini kabisa karibu na alfajiri. Joto la Dar nalo linaongeza uzito: maji ya nyuzi 20 yanashika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanashika kama 7.5. Sisi tunaanza usiku na akiba pungufu.

Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ianze kuzalisha mwaka 2024, mgao wa umeme si ule tuliouzoea. Lakini tawi la mti likiangukia waya saa nane usiku, mtaa mzima unalala giza, na sato hawana namna ya kuniamsha.

Februari

Nimeshinda Kariakoo natafuta paneli ya wati 200. Duka la kwanza muuzaji akaniletea moja nyepesi, inang'aa, bei ya kutupa.

"Hii ni mia tatu kabisa, bosi. Soma mwenyewe hapo nyuma."

Nikatoa futi. Mita moja na sentimita mbili kwa sentimita 67, yaani kama asilimia 68 ya mita mraba. Jua kali la adhuhuri linaleta kama wati 1,000 kwenye kila mita mraba, na paneli nzuri za madukani zinageuza kama asilimia 20 hadi 22 kuwa umeme. Kipande kile, hata kikiwa cha ubora wa juu, hakivuki wati 150. Kibandiko kinaweza kuandikwa chochote, ukubwa haudanganyi. Nilimshukuru nikasogea duka la tatu, ambako kijana aliitoa paneli mwenyewe hadi barabarani kwenye jua, tukapima volti na ampea kwa maltimita huku bodaboda wanatupigia honi. Ampea zilikaribia zilizoandikwa. Nikalipa. Anayekwenda kununua aende na futi na maltimita, na duka lisilokubali upimie juani aliache.

Betri ni ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, volti 12.8, ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,280. Nikiichukulia asilimia 80 tu ili idumu, nina kama 1,000 za kutumia. Betri ya asidi ingekuwa nafuu dukani, lakini hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu, na joto linaila mapema.

Kuna ushauri niliopewa na watu kadhaa wenye nia njema: achana na betri, mchana pandisha maji kwenye simtanki, usiku yaache yamwagike bwawani yenyewe yakichanganyika na hewa. Wazo zuri kulisikia. Nilikaa na karatasi. Lita 1,000 zilizopanda mita nne zinabeba kama wati-saa 11. Kumi na moja! Pampu yangu ya hewa inazimaliza kwa dakika zisizofika ishirini. Simtanki linafaa kwa bustani na kwa choo, ila kwa kuhifadhi nguvu ya usiku mzima ningehitaji mnara wa matangi.

Mwanzoni mwa Machi

Mfumo unafanya kazi. Jua la adhuhuri sasa linapita utosini kabisa, maana tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwa hapa linapita hivyo mara mbili kwa mwaka, sasa na tena Oktoba. Paneli nimeiinamisha kiasi cha nyuzi 12 kuelekea kaskazini. Kwa mavuno ya umeme hata ikilala kabisa tofauti ni ndogo, lakini mwinamo unafanya mvua ioshe vumbi na maji yasituame kwenye ukingo wa chini.

Kilichonisumbua akili zaidi ni mwembe wa jirani upande wa kaskazini. Sasa hivi hauna madhara. Mwezi wa sita jua la adhuhuri litakuwa limeegemea kaskazini kama nyuzi 30 kutoka utosini, na kila mita sita za mti zilizo juu ya paneli zitatupa kivuli cha mita tatu na nusu kuja kwetu. Kwa hiyo nguzo imekaa mbali na ukuta, karibu na banda la kuku, ingawa mama watoto alipenda pale pa kwanza.

Tukaja kwenye waya. Kutoka banda la kuku hadi bwawani ni kama mita 25, kwenda na kurudi 50. Kwa waya wa milimita 2.5 na ampea tatu, volti moja nzima inapotelea njiani, na kwenye mfumo wa volti 12 hilo ni pengo kubwa, pampu inachoka. Fundi alikuwa tayari amekuja na huo mwembamba.

"Bosi, huu ndio tunaofungia soketi za nyumba nzima."

"Nyumba ni volti 230, fundi. Hapa ni 12."

Tulipima kwa kipande cha waya na pampu inawaka, akaona mwenyewe, na siku hiyohiyo tukafunga wa milimita 6. Ni mtu mwelewa, na nimempa kazi ya nyumba pia. Breka na fyuzi viko karibu kabisa na betri. Pampu ya hewa nimeiweka kwenye kisanduku kilicho juu kuliko usawa wa maji, ili ikizimika maji yasinyonywe kurudi kwenye mpira na kuingia kwenye mota.

Mzee wa nyumba ya pili alipita kuangalia. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza lililo moyoni mwake: "Hili halitatuzalishia mbu, kijana wangu?" Ana haki ya kuuliza, Dar imepitia dengi mwaka 2014 na tena 2019. Nilimchotea maji kwenye kopo jeupe tukayatazama pamoja juani: hakuna hata kiluwiluwi kimoja, sato wadogo wanavimaliza. Kisha nikamwonyesha ndoo tupu nyuma ya nyumba yenye maji ya mvua, imejaa vinavyorukaruka. Tuliimwaga palepale.

Vipimo vya saa kumi alfajiri, kwa mita ya oksijeni ya kuazima: bila pampu miligramu 2.1 kwa lita, na pampu usiku kucha 4.4. Sato anavumilia hali ngumu, lakini chini ya 3 anaacha kukua vizuri. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Aprili na Mei, masika

Hapa ndipo mradi ulipojieleza wenyewe.

Siku za jua paneli ilikuwa na uwezo wa kuleta karibu wati-saa 800 kwa siku. Wiki ya mvua mfululizo, mawingu mazito tangu asubuhi, mita inasoma 150. Nilitegemea hilo. Wengi wanaofanya hesabu ya sola wanafika hapo: umeme unaoingia unapungua, basi ongeza betri ya siku mbili au tatu za mawingu, kazi imekwisha.

Kwenye bwawa haiishii hapo, kwa sababu jua linapokosekana kwenye paneli linakosekana kwenye maji pia. Mwani hautoi oksijeni ya kutosha mchana. Maji yanaingia usiku hayana akiba, na asubuhi hayajapona. Siku ya pili ya mawingu, saa nane mchana, saa ambayo kwa kawaida pampu inapumzika, mita ya oksijeni ilisoma 3.2. Samaki walikuwa wamejipanga juu ya mapovu, midomo inagusa uso wa maji, mapezi yanatetemeka kidogo, hawashtuki hata nikipitisha mkono juu yao. Pampu ikawashwa ifanye kazi usiku na mchana.

Matumizi yakapanda kutoka 420 hadi 840 kwa siku, wakati yanayoingia ni 150. Pengo ni 690. Betri yenye 1,000 za kutumia inamaliza siku moja na nusu tu. Bwawa linadai maradufu siku ileile paneli inapoleta chini ya robo. Taa za nyumbani hazifanyi hivyo, wala feni, ambayo siku ya mvua unaizima. Kwa hiyo mtu anayekadiria sola ya bwawa kama anavyokadiria ya nyumba, hata akiwa mkarimu, atapungukiwa. Chukua siku mbaya ya masika, pampu inakwenda saa 24, ndipo uanze kuhesabu.

Tulivyovuka: chaja ya umeme wa kawaida iliyounganishwa kwenye betri ya bwawa, inawashwa akiba ikishuka hadi asilimia 40. Usiitegemee volti kukuambia kiasi kilichobaki kwenye betri za aina hii, zinakaa karibu na 13 muda wote kisha zinaanguka ghafla. Nimefunga mita inayohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka. Na chakula tulikisimamisha. Samaki aliyeshiba anavuta oksijeni zaidi, na kinachobaki kinaoza na kuvuta yake. Siku mbili tatu bila kula sato hadhuriki. Binti yangu, ambaye ndiye mlishaji mkuu, alilichukulia jambo hili kwa uzito sana, akabandika karatasi kwenye pipa la chakula: MAWINGU LEO, HAKUNA KULA.

Hakuna samaki aliyekufa masika nzima.

Juni

Nyumba. Nitaandika kwa kifupi maana mambo yake yanajulikana. Paneli tatu za wati 450 juu ya bati, zimepanda kwa kirikuu kutoka Kariakoo zikiwa zimesimamishwa kwa ubavu juu ya godoro. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumia nyumbani) ya kilowati 3 inayokubali jua, betri na umeme wa gridi, na betri ya volti 25.6, ampea-saa 100. Usiku friji yetu ndogo, feni mbili, taa na kifaa cha intaneti vinakula kama wati-saa 1,550, betri inabaki na nafasi. Pasi na jagi la umeme vimebaki LUKU. Mashine ya kufulia na mota ya kupandisha maji kwenye simtanki sasa ni kazi za kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na mama watoto ndiye aliyeipanga ratiba hiyo vizuri kuliko nilivyokuwa nimeiandika.

Nimeulizwa kwa nini sikuunganisha bwawa na nyumba kuwa mfumo mmoja, ingekuwa nafuu. Sitaki mechi ya usiku na feni mbili viamue oksijeni ya saa kumi. Bwawa lina paneli yake na betri yake, na nyumba inalisaidia kwa ile chaja tu.

Agosti

Kipupwe, maji yamefika nyuzi 25 asubuhi, samaki wanakula kidogo lakini oksijeni iko juu. Niliopima wana kati ya gramu 160 na 210.

Kunguru wamegundua kwamba ukingo wa juu wa paneli ni kijiwe kizuri. Wanaleta mifupa na maganda, na kinyesi chao kikikauka hakitoki kwa mvua. Tatizo si uchafu tu. Doa moja nene likifunika seli moja, seli hiyo inaacha kuzalisha, inapitishiwa umeme wa zenzake na kupata moto, na mstari mzima unashuka. Jumanne paneli ya bwawa ilikuwa inaleta theluthi mbili ya kawaida kwa sababu ya doa lisilozidi kiganja. Tunaosha alfajiri kabla kioo hakijapata joto, kwa maji matupu na kitambaa laini, na nimevuta uzi wa kuvulia sentimita kumi juu ya ukingo. Kwa sasa hawatui.

Kabla ya vuli bwawa linapata paneli ya pili ya wati 200 na betri ya pili ya ampea-saa 100. Siku ya mawingu kama zile zitaleta 300 badala ya 150, pengo litakuwa 540, na akiba ya 2,000 itabeba siku tatu na nusu bila kugusa chaja. Fundi ameshachimba shimo la nguzo, tunasubiri zege likauke.